Honi Niliyoiruhusu Getini

Nilikuwa mlinzi kwenye geti la uwanja wa chuo kimoja hapa Riyadh, nikiishi mtaa wa Al-Murabba na Mkenya mwenzangu, dereva. Siku za mechi kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko na kuwanyima mashabiki honi za gesi, zile za mkebe zinazolia kama lori. Sheria yenyewe sikuipenda. Kwetu Kakamega, mpira bila ngoma za isukuti hauhesabiwi kuwa mpira.

Alasiri moja chuo cha Jeddah kilikuja kucheza. Mzee mmoja wa Ruwais, mtaa wa huko Jeddah, aliyesafiri na basi la wanafunzi, alinifikia na honi mkononi. Hakuificha.

“Mafi honi, baba,” nilimwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, yaani hakuna honi.

“Kipa ni mwanangu,” akasema. “Akiisikia anajua nimefika. Nitapiga mara moja tu.”

Nilitazama nyuma. Bosi hakuwepo. Nikampisha.

Kipindi cha kwanza alipiga mara moja kweli, na kipa akainua mkono. Cha pili timu yao ilikuwa inalinda bao moja, na mzee akasahau ahadi. Mshambuliaji wa Riyadh alichomoka na mpira, refa akapuliza kwamba ameotea, na papo hapo honi ikalia. Mshambuliaji hakuisikia filimbi. Kipa naye hakuisikia. Alijitupa miguuni pa mshambuliaji, akavunjika mfupa wa bega.

Walimpitisha getini kwa machela. Baba yake aliyekuwa nyuma alisimama, akaweka honi mezani kwangu, akaendelea kumfuata mwanawe. Nilitaka kumwambia pole, lakini Kiarabu kilinitoka kichwani.

Bosi aliuliza nani aliyeiruhusu.

“Ni mimi,” nikasema.

Hakunifokea. Alinihamishia maegesho ya magari hadi msimu uishe.

Mwenzangu aliona nimeonewa. “Kelele ndiyo mpira,” alisema tukipika ugali. “Ungekuwa nyumbani ungepiga hiyo honi wewe mwenyewe.”

“Waimbe, wapige makofi, hata ngoma,” nikamjibu. “Lakini hiyo ya gesi inafunika filimbi. Ibaki nje.”

“Sasa unaongea kama bosi.”

Nikaendelea kusonga ugali. Baadaye dereva wa basi la Jeddah aliniambia kipa amepona na amerudi mazoezini, ila baba yake siku hizi hukaa jukwaani mikono mapajani.