Browser moja ya café ya Mbinga ilivyokaribia kuvunja uchumba wangu

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa hapa kibarazani nimeikumbuka Mbinga ya enzi za internet café. Haya yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchangamka, na msimu wa kahawa mji ulikuwa unanoga kweli. Kaka Osmund akafungua café karibu na stendi. Kompyuta chache, dishi juu ya bati. Page ilifunguka taratibu, unamaliza kupiga stori na jirani ndipo picha inashuka.

Nimeumiss ule utulivu.

Browser ilikuwa moja tu, ile yenye "e" ya bluu. Tulidhani ndiyo internet yenyewe.

Mchumba wangu Editha, mtu wa kijiji cha Kihagara kule Ziwa Nyasa, alikuwa anafundisha shule ya Mpepai. Siku moja akaja café kusoma habari za kifafa. Akamaliza, akaondoka. Aliyekaa baada yake akabonyeza herufi moja tu, browser ikamletea yote aliyosoma Editha.

Habari zikafika nyumbani.

Mama akaniita. "Mwanangu, yule binti ana kifafa. Imeonekana kwenye kompyuta."

Nikaenda Mpepai kumuuliza. Editha akasema, "Ni mdogo wangu Agnesi. Nyumbani wanamficha. Nilitaka kujua kama kuna dawa."

Akaniruhusu nimweleze mama. Nikamweleza. Baada ya siku kadhaa mama akashuka Kihagara, akaomba kumwona Agnesi.

"Shikamoo mama," Agnesi akamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae hapa na mimi."

Hapo nikajua harusi ipo.

Osmund naye ilimuuma siri kuvujia kwake. Akaleta CD kutoka Songea, browser nyingine inayofuta history ukiifunga. Ila website nyingi zilikuwa zinaikataa, zinataka ile "e". Wateja wakarudi kule kule, kwenye hiyo mpya akabaki Editha peke yake.

Leo simu yangu ina browser tatu, juzi nikasoma kumbe zote ndani ni engine moja, yaani mtambo ule ule unaoziendesha.

Nilichojifunza: wote tukiegemea engine moja, mwenye nayo ndiye anayetuamulia kipi kikumbukwe na kipi kifutwe. Tubakize japo browser moja ya tofauti, na tufute history.

Nyie wakuu mlianza na browser ipi? Imewahi kuwaumbua?

Kabla ya kupost nilimwomba Editha ruhusa. Akasema, "Mwulize Agnesi, ni habari zake."

Nimempigia. Amecheka, akasema niandike na jina lake.