Kisichopita Motoni

Mama yangu alistaafu uuguzi, akakaa nyumbani Kihonda, Morogoro, akitafuta wa kumuuguza. Baba alikwishatangulia mbele ya haki na mimi nilikuwa mzima kama ng'ombe, basi akajigeukia mwenyewe. Magoti yalikuwa yakimsumbua, presha inapanda na kushuka, na katika kundi moja la kwenye simu akakutana na watu waliosema dawa ya yote hayo ni kula vitu vibichi tu. Kisichopita motoni ndicho chakula, mengine ni mazoea. Kesho yake sufuria zikapandishwa juu ya kabati, na jiko la gesi likatandikwa kitambaa cha maua na kuwekewa picha ya kipaimara changu.

Ningemwacha na mambo yake, maana mama akishaamua jambo, kumrudisha nyuma ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Mchumba wangu, niliyekutana naye kazini Mzumbe, kwao ni milimani Uluguru, na kwa Waluguru mtoto wa kike ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba wake. Mjomba alikwishapokea barua ya posa, akausifu mwandiko wake, kisha akasema hawezi kutoa mtoto kwa watu ambao hajala nao sahani moja. Alitaka mama yangu apande mlimani, akaribishwe, ale.

Nikampa mama habari hizo. Akasema, "Nitakula, mwanangu. Kwani mimi ni mtoto?" Nikashukuru Mungu mapema mno.

Kuacha ugali, kwa kweli, hakukumpa tabu. Tabu ilikuwa dukani. Embe unajua ni embe, lakini mtu hashibi matango kila siku, na kila kilichofungwa kwenye pakiti kilikuwa na maisha yake ya nyuma. Mama akawa anazichunguza pakiti kama shangazi anayechunguza ukoo wa mchumba. Jumamosi nilikuwa namsindikiza mjini kwenye duka kubwa, mimi nasukuma kigari, yeye amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Mwanangu, hizi korosho zimepita motoni?" akamuuliza msichana wa duka.

"Hapana mama, ni mbichi. Si unaona imeandikwa?"

"Zilibanguliwaje?"

Msichana akanitazama mimi. Mimi nikatazama sabuni. Mama aliwahi kufanya kazi hospitali ya kusini, akawaona wabanguaji, basi akatoa somo palepale: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, haliguswi mpaka lichomwe au lipigwe mvuke, kwa hiyo korosho inayoitwa mbichi ilishaonja moto kabla haijafika Morogoro. Watu wawili waliokuwa wakipita walirudisha korosho zao.

Oti za uji za kwenye boksi zilianguka, zilipigwa mvuke kiwandani. Tui la kopo likaanguka. Siagi ya karanga haikusikilizwa hata utetezi wake, maana karanga zake hukaangwa. Tende zikapita, na zabibu kavu, na ufuta ambao haujakaangwa, na karanga mbichi zenye ngozi yake nyekundu, ambazo mama alikuwa akiziloweka usiku kucha mpaka zikawa na ladha ya maharage yaliyokata tamaa. Asali ilipita baada ya kesi ndefu. Muuzaji alikiri kwamba nyuki walifukuzwa kwa moshi.

"Moshi si moto," mama akaamua.

"Sasa mama, moshi unatoka wapi?"

"Nyamaza, sukuma kigari."

Majani ya chai ndiyo yaliyomuumiza. Alikuwa mtu wa chai, chai ya rangi yenye tangawizi, vikombe visivyo na idadi. Akasimama na ile pakiti mkononi akikumbuka kwamba majani hukaushwa kwa hewa ya moto. Akairudisha taratibu, akaniambia nisimtazame. Nilimwonea huruma kabisa siku hiyo, ingawa jioni nilipika chai yangu makusudi na kuacha mlango wazi.

Mafuta ya alizeti aliyafuata mwenyewe kwenye mashine ya kukamulia ya hukuhuku Kihonda, akagusa bomba kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Fundi akamwambia akitaka mafuta ya baridi awahi alfajiri, kabla mashine haijachemka. Akawa anawahi. Mafundi wakampa jina, Mama Baridi, na yeye akalipenda.

Siku ya kupanda mlima ikafika. Gari lilituacha mwisho wa barabara juu ya Bigwa, tukashika njia ya miguu, mama, mshenga wetu na mimi. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Mama, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa akipumzika katikati ya ngazi za kanisa, alitangulia mbele akatuacha. Mshenga alikaa juu ya jiwe kuomba maji, na mama akarudi kutucheka. Nilifurahi kumwona hivyo. Nikaogopa pia, kwa sababu mtu ambaye magoti yake yamepona hadanganyiki kirahisi kurudi kwenye sufuria. Begani alikuwa na mkoba, na sikutaka kuuliza una nini.

Tulipokelewa vizuri sana. Mjomba alikuwa mtu wa maneno, na aliposikia mama ni Mnyamwezi akafungua utani papo hapo, maana Wanyamwezi na Waluguru ni watani wa tangu zamani. Akasema kumbe ndiyo maana walipoteza mbuzi wiki ile. Mama akamjibu kwamba mbuzi wa Uluguru wamekonda, hata wezi wanawahurumia. Wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha chakula kikaja: ugali, kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa ajili yetu, na maharage. Mama mkwe wangu mtarajiwa, mwanamke mpole asiyesema sana, akatunawisha mikono mmoja mmoja. Mama akanawa. Akautazama ugali. Akafungua mkoba, akatoa kikopo cha karanga zake na tende, akasema kwa adabu zote, "Nyie kuleni. Mimi natumia hivi."

Utani ukakoma. Mjomba akaweka chini tonge lake. "Dada," akasema, hakusema tena mtani, "chakula chetu kina nini?"

Mama, badala ya kuomba radhi, akaanza somo la moto na virutubisho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mkeka. Alikuwa akieleza vitamini, na wale watu walikuwa wakisikia kitu kimoja tu: mgeni huyu anaogopa kulishwa sumu. Mchumba wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

Mama mkwe akasogea kwenye sahani. Akamega ugali, akachovya, akala mbele yetu. Akamega nyama ya kuku, akala. Akanyonya na mfupa. "Nimeonja," akasema.

Hapo mama akaelewa. Nilimwona akielewa, uso ukamshuka. Mtu akishakuonjea, ukikataa tena umemtaja kuwa mchawi. "Jamani, si ninyi," akasema. "Wallahi si ninyi. Ni mwili wangu tu, umepona kwa vibichi, naogopa kuuharibu."

Mama mkwe akainuka, akatoka. Nikajua posa imeisha. Kuku akaendelea kupoa. Aliporudi alikuwa na karoti aliyoing'oa shambani nyuma ya jiko, bado inachuruzika maji ya mferejini. Akapiga magoti mbele ya mama. Akaing'ata ncha, akaitafuna, akameza. Kisha akampa ile iliyobaki, yenye alama za meno yake.

Lazima mjue kwamba mama yangu ni mtu ambaye maisha yake yote ya kazi alifukuza watu waliochangia kikombe wodini. Nyumbani hatukuwahi kuonja kijiko cha mwenzetu. Aliitazama ile karoti, akamtazama mwenye meno, akaipokea kwa mikono miwili, akaing'ata palepale penye alama. Chumba kizima kilisikia anavyotafuna.

"Tamu," akasema.

Mjomba akanyoosha mkono kwenye kikopo. "Na wewe tuonjee chako." Mama akachukua karanga moja iliyolowekwa, akala, akamsogezea. Mjomba akatia kinywani, akatafuna muda mrefu, uso umemkunjamana, sisi wote tukingoja.

"Haina chumvi," akasema mwishowe. "Haina ladha. Mnyamwezi kweli hajui kupika." Akameza kwa shida, akanisukumia mimi sahani ya kuku yenye fungu langu na la mama. "Lakini haina sumu. Mtoto mchukueni."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza kama kuna karoti nyingine.