Gari la Wagonjwa na Shingo ya Mwenyekiti

Juzi Makambako niliifuata kamati ya kijiji kimoja cha Ludewa ikijaribu magari mawili ili inunue moja la kubebea wagonjwa. La kwanza liliondoka taratibu, likapanda mlima bila kumshtua mtu. Mwenyekiti akakunja uso.

“Halina nguvu hili. Sijasikia kitu.”

La pili, dereva alipokanyaga mafuta tu, lilikurupuka, shingo zetu zikarudi nyuma. Mwenyekiti akatabasamu huku ameshika kofia.

“Hii ndiyo injini.”

Mkunga wa zahanati yao, aliyekuwa nasi garini, akamwomba mwenyekiti alale kiti cha nyuma, kisha dereva aondoke vilevile. Kabla ya kufika kileleni, mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, “Simamisha kidogo.”

“Na wewe huna uchungu,” mkunga akamwambia.

Walinunua la kwanza. Muhtasari wa kikao unasema lilichaguliwa kwa uzoefu wa mwenyekiti.