Kitabu Kimoja cha Nyongeza kwa Meza ya Mabibo

Mwalimu Demetria hakuwahi kufungua kitabu kipya kabla ya kukivika jalada. Alitumia kalenda za mwaka uliopita, picha ikigeuziwa ndani na upande mweupe ukibaki nje, na juu yake aliandika mistari mitatu kwa wino mweusi, kama alivyowazoesha wanafunzi wake wa kidato cha kwanza kwa miaka zaidi ya thelathini: jina, somo, mwaka. Hata kitabu cha mapishi alichopewa zawadi kilivikwa kalenda. Somo: Mapishi.

Kitabu cha kanuni cha mchezo wetu kiliandikwa Somo: Safari. Kiliachwa nyumbani kwake Mabibo na Godlisten, mtoto wa dada yake aliyemlea, alipokwenda kusoma nje. Mwalimu alikifungua kwa sababu kilikuwa na ramani, na ramani ile haikuwa na skeli wala mshale wa kaskazini. Akachora mshale kwa penseli. Kisha akasoma kitabu kizima ili ajue kama mito yake inafika baharini.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Mmoja wenu ni msimulizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi. Msimulizi anasema mmefika darajani na daraja limekatika. Nawe unasema mhusika wako anafanya nini. Ikiwa haijulikani atafanikiwa au la, unarusha dadu, na kitabu kinasema namba iliyotoka ina maana gani. Hakuna mshindi. Jambo hilo lilimsumbua Shomari mwezi mzima wa kwanza.

Shomari ni mchonga vinyago wa Mwenge, mzaliwa wa Newala. Yeye ndiye aliyetuchongea wahusika wetu kutoka kwenye mabaki ya mpingo, kila mmoja saizi ya kidole gumba. Adelina anauza ndizi kwa jumla soko la Mabibo na anafika kila Jumamosi mchana akiwa bado amejifunga kanga ya kazi. Mhusika wake ni mganga, lakini sijawahi kumwona akikutana na adui bila kujaribu kwanza kupatana naye bei. Mimi ni karani wa usajili chuoni. Nilikuja mara ya kwanza kwa sababu Jumamosi zangu zilikuwa ndefu, na Mwalimu, ambaye tulisali jumuiya moja, aliniambia niende nikae tu, si lazima niseme kitu.

Alisimulia kama alivyofundisha. Kwa kila Jumamosi aliandika andalio la somo, lenye utangulizi wa dakika tano na maarifa mapya ya dakika arobaini. Tulipokwama, hadithi ilisimama. Aliinua kidole, akavuta daftari la mistari lililokaa pembeni yake na kuandika tarehe na swali lililotukwamisha. Kisha alitafuta jibu wiki nzima.

Mwaka jana mwezi wa tisa alitutangazia. Kila Desemba hupanda kwenda kwao Rombo kwa Krismasi, nasi hufunga meza hadi Januari. Safari hii hatarudi, alisema. Mama yake amezeeka, na nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo imekwisha kupauliwa.

"Kwa hiyo mchezo umekufa," Shomari akasema.

"Umekufa kwa nini? Msimulizi si huyu hapa?" Mwalimu akajibu, akinielekezea kalamu.

Nilisema siwezi. Nilisema hivyo mara tatu, na yeye akasubiri nimalize.

"Godi anakuja mwezi wa kumi na mbili," akaendelea. "Mabegi yake yamejaa viatu na dawa za ukoo mzima. Kuna nafasi ya kitabu kimoja cha nyongeza. Tuchague kitakachoifanya meza hii iendelee bila mimi."

"Cha silaha," Shomari akasema papo hapo. "Mie panga langu ni lilelile tangu mwaka juzi."

"Panga halina ishu, braza. Ishu ni mkono unaolishika," Adelina akamwambia.

"Kile kitabu cha majitu kiko wapi?" Mwalimu akauliza kwa upole.

Shomari akainama akatazama mguu wa meza. Kitabu kilikuwa chini yake, kimeuzuia usitikisike. Alikinunua mwenyewe kwa muuza vitabu vya mitumba, majitu mia tatu yenye picha za rangi, bila kuangalia kwamba ni cha toleo la zamani la mchezo. Namba zake hazikuoana na kanuni zetu hata kidogo. Joka lililopaswa kututisha mwezi mzima liliuawa na Adelina kwa mwiko, mara ya kwanza aliporusha dadu.

Mwalimu akanipa lile daftari, akaniambia nisome kwa sauti tulipowahi kukwama. Palikuwa na maingizo arobaini na moja. Mawili yalihusu silaha, na moja uchawi. Yaliyobaki karibu yote yalifanana: wachezaji wamekataa kwenda pangoni, wameingia kijiji ambacho sikukiandaa, Adelina amemuuliza muuza chumvi jina la mama yake, sina, wamemfuata mtu aliyekuwa anapita tu.

"Mnaona tunapougulia?" Mwalimu akasema. "Kitabu ni kama dawa. Huwezi kununua kwa uzuri wa boksi."

Godlisten alitutumia kwa simu kurasa za bure za vitabu viwili, zile ambazo wachapishaji huziweka mtandaoni. Kimoja kilikuwa historia ya nchi nzima ya mchezo, wafalme na vita na koo. Cha pili kilikuwa chembamba, majedwali matupu: unarusha dadu, jedwali linakupa jina, au kilichoko nyuma ya mlango, au shida aliyonayo mtu uliyekutana naye.

Mimi niliitaka historia. Niliamini nikijua kila kitu sitakwama. Mwalimu hakubisha. Alisema tujaribu, akakaa kwenye kochi.

Jumamosi ile nilisimulia habari za mfalme wa kwanza, nikaja kwa wa pili, nikaeleza vita vya mtoni na sababu zake nne. Nilihisi naenda vizuri, maana palikuwa kimya. Nilipoinua macho, nikamkuta Adelina anaandika. Alikuwa ameshapiga mstari chini ya kichwa cha habari. Shomari naye alikuwa amechukua karatasi.

"Sababu ya tatu ulisemaje?" akaniuliza. "Rudia, sista."

"Mnaandika nini?"

"Si unafundisha?" akasema Adelina. "Nilidhani kuna mtihani."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Dadu hazikuguswa siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na kurasa za majedwali, bila andalio. Mwalimu aliomba naye acheze. Hakuwa na mhusika, kwa hiyo Shomari akampa kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa, akasema mtu yumo ndani, bado hajatoka. Tukafika kwenye lango la mji. Adelina, bila shaka, akamuuliza mlinzi jina lake na kinachomsumbua. Nikarusha dadu. Jedwali likasema: amepoteza mnyama.

"Anaitwa Kasimbo," nikasema. "Amepoteza punda."

"Wa rangi gani?" Adelina akauliza.

Sikujua. Nikarusha tena. Tulimtafuta punda yule saa mbili na nusu. Pango lililokuwa kwenye kitabu hatukulikumbuka. Katikati ya msako nikamwona Mwalimu amenyoosha mkono, akingoja niite jina lake ndipo aseme mhusika wake anataka kupanda juu ya mti.

"Sema, Demetria," nikamwambia, na Shomari akapiga meza kwa kicheko.

Kitabu cha majedwali kilifika tarehe kumi na tatu Desemba. Godlisten alikitoa kwenye begi katikati ya viatu. Mwalimu hakukifungua. Alishusha kalenda ukutani, ingawa mwaka ulikuwa bado haujaisha, akaikata na kukivika kitabu. Juu akaandika Somo: Safari. Kwenye mstari wa jina akaandika langu.

Siku ya kuondoka tulikwenda wote kumfungia mizigo. Nilipokuwa nabeba vitabu niliona lile daftari juu ya rundo, nikamwomba aniachie.

"Hili nakwenda nalo," akasema, akalitia kwenye mkoba wake. "Humu ni nilipokwama mie. Nyie mtakwama kwingine. Nunueni lenu."

Kisha akapanda gari, akashusha kioo, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu darasa. Macho yake yakaishia kwangu.

"Na Jumamosi mchana msinipigie simu," akasema. "Mkikwama, rusheni dadu, andikeni, msonge mbele."