Mihogo Juu ya Sola ya Kitanga

Karakana yetu ya Kasulu, iliyoanzishwa ili nchi ianze kujiundia vifaa vyake vya kielektroniki, nusura ifungwe kwa sababu ya mihogo. Mafundi tulikuwa nao na vipuri vilikuwepo. Ni mihogo ya kawaida tu, iliyomenywa, ikakatwa na kuanikwa, iliyotufikisha mbele ya Mhandisi Mkaguzi kutoka wizarani tukiulizwa kama kazi yetu tunaijua. Nimeshastaafu, na wote waliohusika tunaamkiana vizuri, kwa hiyo naweza kueleza mambo yalivyokuwa.

Niliripoti kazini asubuhi moja ya Juni mwaka 2012. Wanaoijua Kasulu wanaijua baridi ya mwezi huo. Miaka mingi kabla ya hapo nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano serikalini, Tabora na Mpanda, kwenye joto, kwa hiyo nilifika nimevaa sweta zito la mtumba nililolinunua sokoni jana yake. Mkuu wa Karakana, mtu wa Kilwa mwenye sauti ya chini, alinipokea mlangoni.

"Karibu, Mama Fundi. Vua sweta."

"Baridi hii, Mkuu?"

"Baridi itakuumiza wewe. Sweta litaniumizia transista zangu."

Nilidhani ni utani wa watu wa pwani. Haukuwa utani. Sweta la nailoni likisuguana na mwili wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, hukujaza umeme tuli, ule unaokushtua ukishika kitasa cha mlango. Wewe unaruka kidogo na kusahau. Transista inakufa, tena haionyeshi jeraha. Kwa hiyo tulifanya kazi na mashati ya pamba, sakafu imemwagiwa maji, kila mmoja amefungwa mkononi waya mwembamba ulioshuka hadi ardhini, tukitetemeka kama kuku walionyeshewa. Waendesha bodaboda waliopita dirishani walituita wafungwa wa Mkuu.

Siku hiyohiyo Mkuu aliniwekea kiganjani kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kama punje ya hindi.

"Unakijua?"

"Transista. Nimezibadilisha maisha yangu yote."

"Umezibadilisha. Umewahi kuona inavyotengenezwa?"

"Sijawahi."

"Wala mimi. Ndiyo maana tupo hapa."

Niwaeleze vijana ambao simu zenu zimejaa vidude hivi bila ninyi kuviona. Ndani yake mna kipande cha silikoni, kitu kinachotokana na mchanga mweupe. Wataalamu hukiita nusu-kipitishi. Shaba hupitisha umeme wakati wote, mpira huuzuia wakati wote, lakini nusu-kipitishi hupitisha kikiamriwa na kuzuia kikiamriwa, kama mkulima wa bondeni anavyofungua na kuziba mfereji kwa jembe. Nchi isiyoweza kukitengeneza hununua kila kitu chenye akili kutoka kwa wengine. Wizara ilikuwa imetoa mwongozo wenye hatua mbili. Kwanza, taasisi za serikali zinunue vifaa vilivyounganishwa nchini, mradi vithibitike kuwa vizuri. Baadaye, vyuo vifanye utafiti wa kutengeneza nusu-kipitishi chenyewe, na kiwanda kijengwe. Sisi tulikuwa hatua ya kwanza. Kiwanja cha hatua ya pili kilikuwa kimeshapimwa nje ya mji na kusimikwa ubao wa bluu.

Kifaa tulichopewa kuunganisha kilikuwa kontrola ya sola, kijisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Betri ikijaa, kontrola hufunga umeme usiendelee kuingia. Ikikaribia kuisha, hukata matumizi isife kabisa. Tulilehemu kila kipuri kwa mkono kwenye ubao wa saketi, tukakipima, tukakipasha moto, tukakipima tena. Mkuu alikuwa na msemo mmoja kwa kila fundi aliyemaliza kazi haraka: "Umemaliza, au umechoka?"

Kontrola za majaribio zilifungwa kwenye zahanati mbili ambazo gridi haikuwa imezifikia, moja upande wa Kibondo na nyingine Kitanga, kuendesha friji za chanjo. Sharti lilikuwa jepesi kueleweka. Zikistahimili mvua na kiangazi, serikali ingeanza kununua kontrola zetu. Zikishindwa, karakana ingegeuzwa ghala, na vijana wote wenye mikataba ya muda wangerudi makwao. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, nisingepoteza kikubwa. Lakini nilikuwa nimewafundisha vijana wale kushika pasi ya kulehemu, na wengine walikuwa wameoa kwa kuutegemea mshahara ule.

Masika ilipita salama. Friji ya Kibondo haikusumbua, wala ya Kitanga. Kisha kikaja kiangazi, jua la kukausha mawe, tukadhani sasa tunastarehe. Ndipo Kitanga ikaanza kupiga simu. Betri haijai. Ikifika jioni taa nyekundu inawaka. Nesi wa zahanati, Sista Esperansi, alilazimika kuzihamishia chanjo kwenye makasha ya barafu na kuzipeleka kituo cha jirani kwa pikipiki.

Nilikwenda mara ya kwanza, nikapima, kila kitu kizima. Nikaenda tena baada ya wiki chache, kila kitu kizima. Nikigeuza mgongo, taa nyekundu. Mhandisi Mkaguzi alipofika Kasulu hakukaa hata kwenye kiti.

"Wakati wa mvua inafanya kazi, wakati wa jua haifanyi," alisema. "Hilo ni joto. Transista zenu hazihimili joto, au hamkuzifunga vizuri."

"Kibondo kuna jua hilohilo, Mhandisi," Mkuu akamjibu.

"Basi nielezeni Kitanga. Narudi kabla ya mvua. Nikikuta hamna maelezo, nitaandika ninachokijua."

Alipoondoka, vijana walianza kupima upya kontrola zilizokuwa mezani. Mkuu alinivuta pembeni. "Mama Fundi, nenda Kitanga. Safari hii usipige simu kabla. Ukae mpaka ulione tatizo kwa macho. Usiniletee dhana, dhana tunazo za kutosha."

Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa akifuata maharage huko, nikashuka Kitanga jua limeshapanda. Niliiona zahanati, nikauona uzio wetu wa waya uliozunguka paneli, lakini paneli sikuiona. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa. Nilisogea. Paneli nzima, kuanzia juu hadi chini, ilikuwa imetandazwa vipande vya mihogo vilivyopangwa vizuri kama vigae. Ndani ya uzio alikuwamo bibi mmoja mfupi, kitenge kiunoni, akivigeuza kimoja kimoja.

"Mwakeye," nilimwamkia kwa Kiha.

Alipiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimiana huku Buha, nchi ya Waha, akaitikia, akaendelea kugeuza.

"Bibi, unafanya nini hapo?"

"Ninaanika mihogo. Kwani huko utokako hakuna mihogo?"

"Juu ya mtambo wa serikali?"

"Serikali imetuwekea meza nzuri, mwana wanje, mwanangu. Imelala upande, maji yanachuruzika. Inapata joto. Na wameizungushia waya, mbuzi hafiki."

"Lakini inatakiwa ipate jua!"

Aliinua macho juu, kisha akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Jua lote lile? Mihogo yangu inakunywa kiasi gani?"

Sista Esperansi alitoka mbio, mikono ina sabuni. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakapata uraia, naye amezaliwa hukuhuku; ni mchapakazi kuliko wengi niliowajua. Aliponiona mimi, na kuiona mihogo, alisimama.

"Mama Fundi! Mbona hukusema unakuja? Tungeanua."

"Huwa mnaanua?"

"Ee, mkisema mnakuja tunaanua, tunafagia, tunaipangusa na sola kwa maji. Mgeni haji akakuta vitu vimetandazwa, si aibu hiyo?"

Nilikaa chini kwenye jiwe nikacheka mpaka machozi. Kumbe ugonjwa ule tulikuwa tunafichwa kwa heshima. Kila nilipokwenda kupima nilitangulia kupiga simu kwa adabu, nao kwa adabu wakaniondolea tatizo nililolifuata. Na masika haikuwa na tatizo kwa sababu hakuna anayeanika mihogo kwenye mvua.

Sista hakucheka. "Utaniandika?" aliuliza taratibu. "Bibi ni jirani, anatugawia unga. Sikujua kama inaharibu. Nilijua sola ni ya nje na friji ni ya ndani, nikadhani haviingiliani."

Nilimwambia kosa la kwanza ni letu. Tuliweka paneli chini ili iwe rahisi kuisafisha, tukaizungushia uzio imara, tukaondoka bila kumweleza yeyote inavyofanya kazi. Hapo tulikuwa tumejenga chanja ya kuanikia bora kuliko zote kijijini. Nikachukua mita, nikawaonyesha wote wawili. Paneli ina seli nyingi, nazo pia ni nusu-kipitishi, zimefuatana kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka mtoni. Mmoja akisinzia, maji hayafiki nyumbani, hata wengine wakiwa na nguvu. Niliweka vipande vichache tu kwenye kona, mshale wa mita ukaanguka. Nikaviondoa, ukapanda.

Bibi alichukua kipande, akakiweka mwenyewe. Mshale ukaanguka. Akakiondoa, ukapanda. Akarudia mara kadhaa.

"Basi kumbe mihogo ndiyo inayokula umeme wa watoto," alisema. "Na mimi mihogo yangu niiweke wapi? Nje mbuzi wanaisubiri."

Lilikuwa swali la haki. Kesho yake, kwa msaada wa vijana wa hapo, tulipanua uzio kidogo kwa waya uliobaki, tukamjengea chanja ya miti upande ambao kivuli chake hakifiki kwenye paneli. Alisimamia kazi yote na kutukosoa kila mguu wa chanja.

Mhandisi alirudi kabla ya mvua kama alivyoahidi, nasi tukampeleka Kitanga. Nilikuwa nimemwomba Mkuu tusimtaje mtu. Mhandisi alisikiliza maelezo, akaiangalia chanja iliyojaa na Bibi aliyesimama kando yake.

"Kwa hiyo tatizo ni huyu bibi."

"Tatizo ni uzio wetu, Mhandisi," Mkuu alisema. "Yeye ameutumia kwa akili kuliko sisi."

"Nionyesheni."

Kabla hatujafungua mkoba wa vifaa, Bibi alikuwa ameshachukua vipande vyake na kuvitandaza kwenye paneli. "Tazama mshale, mwanangu," alimwambia Mhandisi. "Sasa unaanguka. Ngoja." Akaviondoa. "Sasa unapanda. Umeelewa, au nirudie?"

Mhandisi alikaza uso, akashindwa, akacheka. Kontrola ya Kitanga aliipima kwenye jua kali la mchana, moto wa kutosha kukaangia yai, na haikutetereka. Alituidhinisha palepale. Sharti lake lilikuwa moja: kila kontrola itakayotoka Kasulu iambatane na fundi wa kuwaeleza wenyeji, kwa Kiswahili au Kiha, kwa nini sola haifunikwi na kitu. Ajira za vijana zikapona.

Kabla ya kuondoka alifungua kijisanduku, akagusa kidude cheusi chenye miguu mitatu.

"Na hiki?"

"Hicho kimetoka nje," Mkuu alijibu.

"Mwongozo unasema na hiki kitengenezwe hapa."

"Ndiyo, Mhandisi. Hicho kinataka chumba kisicho na chembe ya vumbi, maji safi kuliko ya dawa, na watu waliosoma miaka. Vumbi la Kasulu unalijua. Mtupe chumba, watu tunao."

Mhandisi alikifunga kijisanduku polepole, akasema atalifikisha wizarani.

Nilistaafu mwaka 2015. Waliniaga kwa soda na mbuzi, na Mkuu akanizawadia sweta, akisema sasa ninaruhusiwa. Mara kwa mara ninakwenda Kitanga kumtazama Sista. Friji inaunguruma, kontrola ni ileile, na Bibi anaanika mihogo kwenye chanja yake huku akiwakemea wageni wanaoegemea paneli. Nafurahi kwamba kazi ya mikono yetu inalinda chanjo za watoto. Nikirudi Kasulu napita kwenye kile kiwanja cha kiwanda nje ya mji. Ubao wa bluu bado umesimama, maandishi yake yanasomeka, na mwaka huu kuuzunguka wamepanda maharage.