Majina Niliyoyalilia Kigongo

Majina ya watu wote ninayo kichwani. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kila kitu nakiweka humo humo. Lakini hapa sitamtaja mtu, na ukisoma utaona kwa nini nimekuwa mwoga wa majina.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anatengeneza filamu. Alianza kwa kupiga video za harusi na kipaimara, kisha akasema amechoka kupiga keki. Akataka filamu zake mwenyewe, za Kisukuma, za hapa hapa Mwanza. Wenzake wakamcheka, "Nani Dar atanunua Kisukuma?" Akawajibu, "Kwani Dar ndiyo imewazaa?" Hana kampuni. Kamera ni yake, taa anaazima, waigizaji ni sisi ndugu na majirani.

Filamu aliyonitia mimi ni ya mama ambaye mwanawe amezama ziwani. Tulikwenda Kigongo, kule kwenye kivuko, asubuhi, akanisimamisha ziwani maji yakanifika magotini. Nikamuuliza nitasema nini.

"Lia tu, bibi. Lia kama unavyojua."

Sasa mimi kulia mdomo mtupu siwezi. Mama yangu mzazi alimlilia aliyezama kwa kumwita jina, nami ndivyo nijuavyo. Nikaanza kuwaita waliochukuliwa na ziwa hili tangu nikiwa msichana: kaka yangu, shangazi yangu, watoto wa binamu, mume wa jirani yangu wa Igogo. Nilipomaliza, mjukuu alikuwa anafuta macho. Akasema hapo ndipo roho ya filamu ilipo.

Filamu ilipokwisha akaizungusha mwenyewe kwenye mabanda ya video, moja likiwa la mtaani kwetu Igogo, huko juu mlimani. Mimi sikwenda. Magoti yangu na mawe yale ya Igogo hayaelewani.

Asubuhi iliyofuata onyesho la bandani kwetu nikatoka na beseni langu la samaki wa moshi. Watoto wa jirani, ambao hunirukia na shikamoo kabla sijaliweka chini, wakakimbilia ndani. Mteja wangu wa kila siku akanitazama machoni, akasema leo hapiki samaki. Nikajikagua kanga, labda nimeivaa vibaya. Akapita kijana mmoja akanitupia, "Bibi, tumebaki wangapi?" Wenzake wakacheka, lakini walipita mbali nami.

Nikampigia mjukuu simu. Akaenda bandani kuuliza, akaja kwangu na habari.

Mwenye banda, kwa kuwa wateja wake wengi Kisukuma hawakijui, alimweka mtafsiri, yule anayetafsiri filamu za Kichina kwa kipaza sauti na kuzitia chumvi. Maandishi ya Kiswahili mjukuu aliyaweka chini, lakini nani atasoma na mtu anakupigia kelele kwenye spika? Na mtafsiri mwenyewe Kisukuma hakijui. Kaona bibi kasimama majini, macho mekundu, anaita watu. Akatafsiri, "Huyu nilimla! Na huyu nilimla! Na huyu nilimvuta miguu mwenyewe!" Banda likashangilia. Kisha watu wakaanza kuyasikia majina. Yalikuwa ya kweli. Ya ndugu zao.

Nikakaa chini pale pale penye majivu. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa samaki, mtaa mzima unajua, na samaki hao wamewala. Lakini huku kwetu bibi mwenye macho mekundu ni mchawi tayari, hahitaji kosa la pili. Nimeona wenzangu wakifuatwa kwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo. Na mimi nimetaja wafu kwa mdomo wangu, mbele ya kamera, mjukuu wangu akiniambia vizuri, bibi, vizuri!

"Naikata," akasema mjukuu. "Sehemu yako yote naitoa."

"Ukiitoa watasema umeificha. Niitie mama wa nyumba ya pili."

Huyo ndiye mjane niliyemtaja mumewe. Mhaya, mtu wa Bukoba, tumeazimana chumvi miaka mingi. Alikuja, lakini akaishia mlangoni.

"Umemtaja mume wangu."

"Nimemtaja."

"Mume wangu anatajwa, watu wanashangilia!"

"Kaa uangalie."

"Niangalie nini? Nimeshaambiwa."

"Na nani? Na yule wa Wachina?"

Akakaa, upande. Mjukuu akafungua kompyuta yake juu ya kigoda. Safari hii hapakuwa na mtafsiri, ni sauti yangu na maji tu. Kisukuma cha jirani ni cha sokoni, lakini kilio alikijua. Jina la kaka yangu likatoka, la mumewe likafuata, kwa sababu walizama mtumbwi mmoja.

"Rudisha," akasema. Mjukuu akarudisha. "Rudisha tena."

Kisha akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unamwita."

"Nilikuwa nawaita wote wawili."

Akajifuta uso kwa kitenge. "Nyumbani kwangu hakuna anayemtaja. Wanaogopa nitalia."

Akainuka, nikadhani anaondoka. Akausukuma mlango wangu ukawa wazi kabisa, akamwambia mjukuu aongeze sauti mpaka mwisho, naye akakaa kizingitini, miguu nje. Watu wa njiani wakaanza kusimama, na kila aliyenyoosha shingo kuchungulia, mjane akamwambia, "Huyo ni mume wangu anaitwa. Nyamaza usikie."