Meno ya Leonard

Bajaji iliacha lami ikaingia barabara ya vumbi kuelekea Sigino, na dereva akageuza shingo kuniuliza kama kweli namtafuta yule mama anayechora marehemu.

"Namtafuta Jovita, mchoraji."

"Ndiye huyo huyo, Mama Hilary. Pole sana. Umefiwa na nani?"

Nilimwambia sijafiwa, nasafiri tu nikitazama kazi za wachoraji. Nilikuwa nimetoka Kondoa alfajiri. Babati sikuijua kabisa, ila kule Kondoa niliona ukutani kwa mtu picha ya baba yake, nikauliza nani kaichora, nikapewa namba ya simu. Dereva hakuridhika. Mtu haji kwa Mama Hilary hivi hivi, alisema. Alinishusha mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, katikati ya mahindi yaliyonifika kiunoni, akanipa pole tena.

Jovita alitoka akiwa na wembe mkononi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, aliyefunga khanga juu ya shati la kiume lililojaa rangi.

"Karibu mgeni. Kaa pale. Usiguse kitu na usinisemeshe. Misa ni saa sita."

Ilikuwa saa mbili na robo.

Anafanyia kazi katika stoo ya zamani ya mahindi. Bado inanuka magunia, juu ya harufu ya tapentaini. Kila jioni Jovita huzigeuza picha zote zitazame ukuta, na asubuhi, kabla ya chai, hugeuza moja tu. Uso ukiutazama sana unauzoea, aliniambia, na ukiuzoea hata kosa lake unaliona zuri. Kwa hiyo huiacha picha ilale ikitazama ukuta, na asubuhi huigeuza ghafla, kama anayetaka kumfumania mtu. Chochote kisichomridhisha katika dakika hiyo ya kwanza hukwanguliwa kwa wembe. Lubumbashi nilikaa na mchoraji aliyemaliza uso kwa saa moja huku akizungumza na wateja wake. Jovita hutumia wiki kumi, kumi na mbili. Kazi ya siku tatu anaweza kuiondoa kabla uji haujapoa.

Siku hiyo picha iliyotazama mlango ilikuwa ya kijana anayeitwa Leonard, wa Singe, aliyekufa mwaka jana trekta lilipopinduka. Leo ilikuwa misa yake ya mwaka. Picha ilitakiwa isimame mbele ya altare, na baada ya hapo ikae sebuleni kwa mama yake maisha yote. Ilikuwa imekamilika: kola ya shati, masikio, macho yaliyobanwa na kicheko. Kilichokosekana ni mdomo. Mahali pake palikuwa na doa la kijivu lililokwanguliwa.

"Jana jioni mama yake alikuja kuitazama," Jovita alisema bila kunitazama. "Alisimama hapo ulipo. Akaniuliza, Mama Hilary, huyu kijana wa tangazo la dawa ya meno ni nani?"

Alikuwa amempaka Leonard meno meupe. Hakukosea kwa kutojua. Maji ya visima vingi vya ukanda huu yana madini yanayoyatia meno ya mtoto rangi ya hudhurungi yangali ndani ya ufizi, na waliokulia hapa wanabaki nayo hadi uzeeni. Wapiga picha wa mjini huyasafisha kwenye kompyuta bila kuombwa. Ni adabu tu. Jovita naye alifanya adabu, na mama mzazi akashindwa kumtambua mwanawe.

Simu ililia. Mikono yake ilikuwa na rangi, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka kwa nguvu.

"Shikamoo, Mama Hilary."

"Marahaba, Nestory." Akaninong'oneza: "Kaka wa marehemu."

"Nakuomba jambo moja tu. Funga mdomo."

"Mimi?"

"Leonard! Mfunge mdomo Leonard. Mama ameniambia anataka umpake meno yale yale."

"Ni meno yake."

"Ni yake, ndiyo. Na alikuwa anayaficha. Sekondari walimwita Kutu. Alikuwa hacheki bila kiganja mdomoni, hata kwenye harusi yangu. Leo watu wanatoka Dar, wakwe zangu wanatoka Moshi. Unataka kumvua nguo kanisani?"

Jovita alichovya brashi kwenye tapentaini. Kisha akasema, "Mama yako anasema nyumbani alikuwa hafuniki."

"Mama anamjua wa nyumbani. Kanisani hakuna nyumbani." Akakata.

Nilimwona Jovita akifuta brashi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akafunga mdomo wa Leonard. Alichora midomo miwili iliyobanana, taratibu, kwa ustadi ambao ungemtosha mtu yeyote. Ilipofika saa tatu na nusu alirudi nyuma hatua nne, akatazama, akaguna.

"Ona. Mashavu yanacheka, macho yanacheka, mdomo umegoma. Kama mtoto aliyeiba sukari."

Akachukua wembe. Safari hii ulitoa unga wa ubao pamoja na rangi. Alipitisha kidole pale, uso ukabadilika. "Pameisha," alisema. "Nikikwangua tena ubao utatoboka. Kitakachokaa hapa sasa ndicho kitakachokwenda."

Saa nne kasorobo. Alianza kutembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, akirudi.

"Mgeni, geuza hizo picha zote. Niambie kama kuna hata mmoja anayeonyesha meno."

Niligeuza moja moja. Mzee mwenye kofia ya pama. Katekista. Bibi mwenye rozari. Mapacha. Walikuwa kumi na wanne, na wote walikuwa wamefunga midomo.

"Hakuna."

"Hakuna," alirudia. "Miaka kumi na tisa nachora watu wa hapa, sijawahi kuchora jino la mtu wa hapa. Wote nimewafungia." Alitabasamu kwa uchungu, na mkono wake ukapanda kufunika mdomo. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba tangu nifike nilikuwa sijaona meno yake.

Nadhani na yeye aling'amua, kwa sababu aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaenda ndani, akarudi na kioo cha kujitazamia, akakiegemeza kando ya picha. Akajaribu kucheka. Kikatoka kitu cha kutisha. Akajaribu tena.

"Nichekeshe."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Umesafiri kote huko, huna hata moja la kuchekesha? Haraka!"

Nilimpa kisa cha mpakani Tunduma. Hakucheka. Nilimpa cha padri na mbuzi. Akasema cha padri anakijua, na mbuzi alikuwa jogoo. Saa iliyokuwa ukutani ilisonga. Kwa kukosa la kusema nikamwambia kwamba dereva wa bajaji alinipa pole mara mbili, na mara ya pili alitaka kunisindikiza hadi mlangoni nisije nikazimia.

Kikamtoka kicheko cha ghafla, cha tumboni. Mkono wa kulia ukapanda kama kawaida yake. Mkono wa kushoto ukaudaka, ukaushikilia chini, kwa nguvu, naye akaendelea kucheka huku akijikazia macho kwenye kioo.

Meno yake yalikuwa na rangi ya chai kavu, na karibu na ncha yalikuwa na mistari myeupe, kila jino na mistari yake. Alichanganya udongo mwekundu, manjano kidogo, nyeupe kwa ncha ya kisu. Kazi ilichukua dakika arobaini. Alichora jino, akatazama kioo, akachora la pili.

Saa tano na nusu bajaji ilisimama nje. Nestory aliingia wa kwanza, kijana mrefu mwenye suti nyeusi, na shuka jeupe mkononi la kufungia picha. Akasimama.

"Mama Hilary. Nilikuomba."

"Uliniomba. Na mama yako aliniomba."

"Basi rekebisha! Funika hata kidogo."

"Hapavumilii tena. Ni hivyo, au ubao mtupu."

Mama yao, Philomena, alikuwa ameshaingia. Alikuwa mfupi, kavaa kitenge cha jumuiya ya kanisa, rozari kaifunga kwenye kiganja. Alimpita mwanawe, akasimama mbele ya picha, karibu sana. Jovita alikaza macho sakafuni. Mama alikaa hivyo mpaka dereva nje akapiga honi, kisha akasema kitu kwa lugha yao, Kiiraqw, kwa ukali, kama anayemfokea mtoto.

Nestory aligeukia dirishani.

"Anasemaje?" nilimuuliza Jovita kwa sauti ya chini.

Nestory ndiye aliyenijibu, akiwa bado amenipa mgongo. "Anamwambia afunge mdomo, nzi wataingia. Ndivyo alivyokuwa akimwambia kila siku."

Philomena alijifuta pua. "Twende, tumechelewa."

Nestory akakunjua shuka, akalisogeza juu ya picha.

"Usiguse!" Jovita alimrukia. "Meno ni mabichi. Hayakauki kabla ya keshokutwa."

"Tutaipitishaje mjini hivi? Stendi, sokoni, watu wote?"

"Hivi hivi."

"Ataishika Mama Hilary," mama yake alisema. "Wewe utaigeuzia ndani."

Jovita alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba haendi kamwe kwenye misa za watu wake, asije akasikia wanavyoizungumza kazi yake. Alifungua kinywa kukataa. Philomena alikuwa ameshamtolea khanga safi kwenye mkoba. Jovita akavua shati la rangi, akajitanda khanga, akaibeba picha kwa kingo mbili hadi kwenye bajaji. Nafasi yangu haikuwepo.

"Mgeni, kuku wasiingie humo," alisema, na hakusema zaidi.

Alikaa pembeni, Leonard magotini, uso ukitazama nje. Nestory alibanana na dereva mbele, akitazama moja kwa moja. Nilibaki mlangoni. Kwenye kona ya mahindi wanawake wawili waliokuwa wakipalilia waliinuka, wakaegemea majembe, wakaitazama bajaji ikiwapita. Walisema kitu ambacho sikukisikia. Jovita hakuigeuza picha.